Mvinyo wa ndizi wa Kahura na kovu la kifua chako

Umerudi nyumbani. Ulivuka Busisi ukaenda Mwanza, au ulisafiri mpaka Dar es Salaam, ukapasuliwa kifua, valvu ya moyo ikabadilishwa au tundu likazibwa. Sasa umekaa kwenye kiti nje ya nyumba yako Nyabusozi, na mstari mwekundu umeshuka kutoka chini ya koo hadi karibu na chembe cha moyo. Wiki ya pili au ya tatu imefika. Ngozi imefunga, nyuzi zimetolewa, ndugu na majirani wanakuja kukupa pole. Mmoja wao amebeba kibuyu cha rubisi na mrija wake.

Unasita. Mzee mmoja anakutoa hofu. Anakumbusha kwamba zamani mgonjwa alinyweshwa pombe ya ndizi kabla ya kukatwa, kidonda kikaoshwa kwa pombe hiyo hiyo, na watu wakapona bila hospitali.

Ndugu msomaji, mzee huyo hasemi uongo. Kisa cha namna hiyo kimeandikwa, na kilitokea mwaka 1879 katika Bunyoro, upande wa kaskazini yetu, nchi ambayo mtawala wake huitwa Omukama kama walivyoitwa watawala wa Karagwe na Kiziba. Aliyekiandika ni Robert William Felkin, na vitabu vya historia ya upasuaji wa uzazi humtaja hadi leo. Nimeona nikusimulie maisha yake kwa sababu ndani yake limo jibu la swali la kibuyu, ingawa si jibu analolitaka mzee wetu.

Felkin alizaliwa mwaka 1853 Beeston, karibu na Nottingham nchini Uingereza. Babu yake alikuwa mtu mashuhuri katika biashara ya soksi na lesi. Kijana huyo alisoma Wolverhampton, na wasimulizi wa maisha yake hueleza kwamba akiwa mwanafunzi huko alikutana na David Livingstone, jambo lililompa nia ya kuja Afrika kama mmisionari tabibu. Mwaka 1876 alianza kusomea udaktari Edinburgh.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Edinburgh ya miaka ile ndiko alikokuwa akifundisha Joseph Lister, daktari aliyesisitiza kwamba mikono, visu na vitambaa vya kidonda vioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Kabla yake, katika hospitali kubwa za Ulaya, kidonda cha upasuaji kuoza kilikuwa kitu cha kawaida. Daktari alitoka chumba cha maiti akaingia chumba cha kujifungulia bila kunawa. Lister alipoanza kuhubiri dawa yake, wenzake wengi walimwona anasumbua watu bure. Felkin aliingia chuoni katikati ya mabishano hayo. Kwa hiyo alipokuja kwetu, macho yake yalikuwa yamezoea kuangalia kitu kimoja ambacho wasafiri wengine wasingekijali: nani ananawa, ananawa kwa kitu gani, na kidonda kinakuwaje siku zinazofuata.

Hakumaliza masomo. Mwaka 1878 Church Missionary Society lilimtuma Uganda akiwa bado mwanafunzi. Yeye na wenzake hawakupita njia ya Zanzibar na Tabora, bali walipanda mto Nile kupitia Khartoum. Njiani alifahamiana na Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa akitawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Urafiki wao ulidumu, na miaka kadhaa baadaye Felkin alishiriki kuzitoa barua za Emin kwa Kiingereza. Huyo ndiye Emin aliyekuja kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, kwa hiyo ukipita mjini Bukoba unapita katika kazi ya rafiki wa Felkin.

Mwezi Februari mwaka 1879 Felkin alifika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kabaka alikuwa mgonjwa, na kijana huyo wa miaka 25 ndiye aliyekabidhiwa kumtibu. Alikaa miezi michache tu. Mwaka huo huo aliondoka kurudi Ulaya, katika safari iliyokuwa pia na wajumbe wa Mutesa waliotumwa kwa Malkia Victoria. Kwa miezi hiyo michache asingekumbukwa na mtu, kama si mambo aliyoyaona mahali paitwapo Kahura, katika Bunyoro.

Palikuwa na mwanamke wa miaka kama 20, mimba ya kwanza, uchungu umekataa. Walimlaza kitandani, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo. Alikuwa amenyweshwa mvinyo wa ndizi mpaka akalewa nusu. Walimfunga kitandani kwa nguo ya gome la mti, ile ambayo Waganda huiita mbugo, kifuani na mapajani, na msaidizi mmoja akamshika vifundo vya miguu. Mpasuaji alisimama upande wa kushoto na kisu mkononi. Kwanza aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa mvinyo wa ndizi, kisha kwa maji. Akapaza sauti, watu waliokusanyika nje wakaitikia, halafu akakata.

Felkin alishangazwa na utaratibu wao. Msaidizi alizuia damu kwa chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu, akikigusisha kidogo tu pale panapovuja. Mtoto alitolewa haraka, kisha kondo la nyuma. Mji wa mimba haukushonwa, bali mpasuaji aliubana kwa mikono mpaka ukajikunja na kukaza. Mgonjwa akageuzwa ubavu ili majimaji yatoke. Kisha kingo za kidonda zilikutanishwa na kushikizwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizong'arishwa, zikazungushiwa uzi wa gome la mti. Juu yake ilipakwa dawa nzito ya mizizi iliyotafunwa, likafunikwa jani la mgomba lililopashwa moto, na mwisho ikafungwa bendeji ya mbugo kwa nguvu. Kulingana na maelezo ya Felkin, mwanamke hakulia mpaka zilipoanza kuingizwa zile pini.

Akabaki kuangalia, na hapa ndipo tunapomshukuru. Alipima joto la mwili wa mama na mapigo yake. Aliandika kwamba pini zilianza kutolewa siku ya tatu, na kufikia siku ya sita zote zilikuwa zimetoka. Aliona usaha kidogo ukifutwa kila kidonda kilipobadilishwa dawa. Aliandika hata kwamba kisu kilikuwa kimemgusa mtoto begani na kwamba kidonda hicho kidogo kilipona siku ya nne. Siku ya 11 kidonda cha mama kilikuwa kimefunga kabisa. Mama na mtoto walikuwa hai.

Fikiria jambo hilo lilikuwa na maana gani. Katika miaka hiyo hiyo, Ulaya, mwanamke aliyepasuliwa tumbo kutoa mtoto alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko kupona. Felkin alipousomea mkutano wa madaktari wa uzazi wa Edinburgh taarifa yake mwanzoni mwa mwaka 1884, aliwaeleza wakubwa wake kwamba mpasuaji mmoja wa Bunyoro, ambaye jina lake hakuliandika, alikuwa akifanya kwa ustadi kitu ambacho wao walikiogopa. Taarifa ilichapishwa mwaka huo katika jarida la madaktari la Edinburgh pamoja na michoro yake, na ndiyo hiyo inayosomwa hadi leo.

Sasa turudi kwenye kiti chako nje ya nyumba.

Mzee akisikia habari hizi atacheka na kukusogezea mrija. Lakini hebu tuutenganishe mvinyo ule na mambo mengine yaliyofanyika Kahura, maana mvinyo ulikuwa na kazi mbili, na hakuna hata moja iliyofanyika baada ya kisu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza maumivu na woga kabla ya kukatwa. Wakati huo hapakuwa na nusukaputi huko. Wewe ulipewa nusukaputi, hivyo kazi hiyo imeshafanywa na dawa iliyo bora zaidi.

Kazi ya pili ilikuwa kuosha. Dawa ya mikono ya hospitali inayoua vijidudu huwa na kilevi cha asilimia 60 au zaidi. Rubisi, hata ile iliyochachushwa kwa mtama siku nyingi, haikaribii hapo. Kilichosaidia Kahura ni kule kunawa kwenyewe, tena mara mbili, katika zama ambazo mabingwa wengi wa Ulaya walikuwa bado hawajazoea kunawa. Ongeza kisu kilichofanya kazi haraka, chuma cha moto, kidonda kilichobanwa barabara na mama kijana mwenye mwili wenye nguvu. Leo usimwagie kidonda chako rubisi wala gongo. Kilevi kikali huunguza nyama changa inayojaribu kuota, na rubisi huacha sukari na chachu juu ya ngozi. Mizizi ya kutafuna nayo iache kabisa, maana kinywa cha binadamu kina vijidudu vingi, na hatujui ni wagonjwa wangapi waliopata mate badala ya dawa.

Jambo ambalo Felkin hakuliona, kwa sababu aliendelea na safari yake, ni kilichotokea baada ya siku ya 11. Na hapo ndipo ulipo wewe.

Kidonda kikishafunga juu, kazi ya kovu ndiyo kwanza inaanza. Siku za mwanzo mwili huzuia damu na kupeleka chembe nyeupe kusafisha uchafu na kuua vijidudu. Baada ya hapo huja seli za ujenzi, zinazotengeneza nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na mishipa midogo ya damu huota kupeleka chakula mahali hapo. Mwanzoni nyuzi hizo hupangwa ovyo ovyo, kama nyasi zilizorundikwa. Kisha kwa miezi mingi mwili huzivunja na kuzisuka upya, zikaelekea upande unaovutwa. Wiki tatu baada ya upasuaji, kovu la ngozi lina takriban sehemu moja tu ya tano ya nguvu ya ngozi ya awali. Hata likimaliza mwaka mzima halifiki nguvu ile ya zamani. Likienda vizuri sana hufikia kama asilimia 80. Kwa macho umepona. Kwa nguvu, bado.

Na wewe hukukatwa ngozi peke yake. Mfupa wa kati wa kifua, kidari chenyewe, ulipasuliwa kwa msumeno kutoka juu mpaka chini, kisha ukafungwa kwa nyaya za chuma zinazobaki humo maisha yote. Ukizitazama kwenye picha ya eksirei utazikumbuka pini za Kahura: chuma kinashikilia huku mwili ukijenga. Tofauti ni kwamba pini za Kahura zilitolewa ndani ya wiki moja, wakati mfupa wako unahitaji kati ya miezi miwili na mitatu kuungana. Ndiyo maana ulikatazwa kubeba ndoo ya maji, kuvuta ng'ombe, au kujiinua kitandani kwa kuvuta mikono.

Pombe huingia katikati ya kazi hiyo na kuiharibu kila hatua. Chembe nyeupe za mnywaji hufika zikiwa zimechelewa na zikifika huua vijidudu vichache. Seli za ujenzi hutengeneza kolajeni kidogo, mishipa midogo huota michache. Mtu anayekunywa sana mara nyingi hali vizuri, akakosa protini na vitamini ambazo kolajeni haitengenezwi bila hizo. Matokeo yake ni kovu jembamba, kidonda kinachofunguka upya, usaha, na wakati mwingine maambukizi yanayozama mpaka kwenye mfupa wa kifua. Maambukizi ya mfupa huo yanaua. Mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, nyaya hutolewa, mfupa uliooza hukwanguliwa, na wiki mbili za hospitali hugeuka miezi.

Mwaka 1999 madaktari wa Denmark walitangaza matokeo ya majaribio kwa watu waliokuwa wanywaji wa kupindukia na waliongoja upasuaji wa utumbo. Waliosaidiwa kuacha pombe kwa mwezi mmoja kabla ya kukatwa walipata matatizo machache baada ya upasuaji kuliko walioendelea kunywa. Huo ulikuwa utumbo, si moyo, lakini mwili unaojenga kovu ni ule ule. Ndiyo sababu kama wewe au mwanao mkubwa bado mnangoja siku ya upasuaji, mwezi mmoja bila kilevi ni sehemu ya matibabu kama vilivyo vipimo vya damu.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi, hata wasomi. Kwenye ngozi na mfupa, pombe hufanya kovu liwe pungufu. Ndani ya ini na ndani ya msuli wa moyo hufanya kinyume: huleta makovu mengi mno, mahali ambapo hayatakiwi. Ini la mlevi wa miaka mingi hujaa makovu mpaka likawa gumu. Msuli wa moyo nao, ukinyweshwa pombe nyingi mwaka baada ya mwaka, hulegea, hutanuka, na katikati ya nyuzi zake hujipenyeza kovu. Kovu halidundi. Halipitishi vizuri umeme unaouambia moyo ujikaze. Moyo uliopasuliwa tayari una makovu yake ya halali, pale palipokatwa na kushonwa, na ngozi inayoufunika hushikana na vitu vilivyo jirani nayo. Kuuongezea makovu ya pombe ni kuupunguzia nguvu ile ile uliyoiendea Mwanza au Dar es Salaam kuitafuta.

Umeme huo ndio wa kuogopa katika wiki za kwanza. Baada ya upasuaji wa moyo, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata mapigo yanayokwenda ovyo, na pombe, hata ya jioni moja, ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuyachochea. Mapigo yakienda ovyo damu hutuama katika vyumba vya juu vya moyo, huganda, na donge likiruka kwenda kwenye ubongo mtu anapata kiharusi.

Kisha kuna vidonge. Kama umewekewa valvu ya chuma, unameza warfarini kila siku ya maisha yako ili damu isigande kwenye valvu. Pombe huipeleka dawa hiyo huku na huko. Ukilewa sana usiku mmoja, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi ukavuja tumboni au kichwani. Mnywaji wa kila siku, kinyume chake, anaweza kukuta dawa inaisha nguvu mapema na valvu inaziba. Kipimo cha damu ulichopewa tarehe yake kinaweza kusomeka vizuri Jumatatu na kuwa kibaya Ijumaa, kwa sababu ya arusi ya Jumatano. Dawa za maumivu nazo ni hivyo hivyo: paracetamoli na pombe nyingi huumiza ini, na dawa kali za jamii ya tramadoli zikichanganywa na pombe zinaweza kuzima pumzi usingizini.

Wengine huniuliza ni kiasi gani kinaruhusiwa. Kwa bia ya chupa daktari anaweza kuhesabu. Kwa rubisi hawezi, kwa sababu kibuyu hakina lebo, ya leo si kali kama ya keshokutwa, na mrija mmoja hupita kwa watu sita. Ushauri wangu: usinywe kabisa mpaka mfupa uungane, yaani miezi mitatu, kisha uliza kliniki yako ya moyo kabla ya kikombe cha kwanza. Kama msuli wa moyo wenyewe ni dhaifu, au unameza warfarini, au ugonjwa wako uliletwa na pombe, usishangae jibu likiwa hapana ya moja kwa moja. Gongo haina mjadala. Ni marufuku kisheria na inaweza kuwa na sumu inayopofusha macho.

Lakini kuna mtu ambaye sitaki aisome safu hii akaacha pombe leo usiku peke yake. Ni yule aliyekuwa akinywa kila siku tangu asubuhi. Mwili wake umezoea, na akikatiza ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona watu wasiokuwepo, hata kupata degedege. Likimpata akiwa kitandani na nyaya mpya kifuani, anaweza kujitupa na kuzikata. Huyo amweleze daktari ukweli kabla ya upasuaji, bila aibu, ataje na vikombe. Zipo dawa za kumvusha. Ndugu wanaomficha kwa kumtunzia heshima wanamweka hatarini kuliko wanavyodhani, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu kuficha huku nimekuona mara nyingi mno.

Na wewe mzazi wa mtoto aliyezibwa tundu la moyo au kutengenezwa valvu: usimwachie alambe mabaki ya rubisi kwenye kibuyu, hata kwa utani. Mwili mdogo hulewa haraka na sukari ya damu yake inaweza kushuka ghafla. Kama ugonjwa wake ulitokana na homa ya baridi yabisi iliyofuata maumivu ya koo, sindano zake za penisilini za kila wiki tatu au nne ndizo za kushikilia, msimu wa mavuno usije ukakusahaulisha. Mama mwenye mimba naye aiache pombe, maana ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumfanya mtoto azaliwe na moyo wenye kasoro.

Felkin mwenyewe alihitimu udaktari mwaka ule ule wa 1884, akafundisha magonjwa ya nchi za joto Edinburgh, kisha akahamia London. Miaka ya baadaye alizama katika chama cha mambo ya siri na uganga, akahamia New Zealand, na huko akafariki mwaka 1926. Sehemu hiyo ya maisha yake haitusaidii chochote. Kinachotusaidia ni daftari la kijana ambaye hakuwa hata amemaliza chuo, aliyeketi kando ya mgonjwa na kuandika kila siku alichokiona.

Fanya kama yeye. Chukua daftari la mtoto wa shule, kila asubuhi mwambie mkeo, mumeo au mwanao atazame kidonda na kuandika. Wekundu unaoongezeka badala ya kupungua. Usaha, au majimaji yenye harufu. Homa. Mfupa unaolia au kucheza unapokohoa au kugeuka kitandani. Mapigo yanayokimbia bila mpangilio. Pumzi kukata ukilala chali, miguu kuvimba. Kwa lolote kati ya hayo usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali iliyo karibu, iwe Biharamulo, Rulenge au Murgwanza, na barua yako ya upasuaji mkononi, ili wao wawasiliane na waliokupasua. Mdomo ukipinda au mkono ukifa ganzi, ondoka saa hiyo hiyo.

Kuhusu kibuyu kilichokuja na wageni, usimwaibishe aliyekileta. Wanaume wengi wa kwetu hurudi kunywa kwa kuogopa kuonekana wamekataa ukarimu, si kwa kiu. Mwombe mwenye nyumba siku nyingine ndizi zikikamuliwa akutengee kikombe cha maji yake kabla mtama haujatiwa, yakiwa bado matamu, uyanywe siku hiyo hiyo ukiwa umekaa pamoja nao. Kama una kisukari, chai bila sukari itatosha.